Jina la Mtani Kwenye Fomu ya Viza

Nawaambia mapema, wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi, maana mie mwenyewe kila nikilisimulia hili naanzaga kwa kicheko na namalizia natazama vidole vya miguu. Ni aibu, tena si ya kusingiziwa, nilijipikia mwenyewe nikajipakulia mwenyewe. Mpaka leo nikisikia kijana analalamika kwamba viza yake ya masomo inachelewa, kila akienda ofisini anaambiwa njoo kesho, huwa namuuliza kwanza: mashahidi wako umeandika nani, na umewaambia? Wananiona mzee ninayeingilia mambo nisiyoyajua. Basi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mie kijana wa miaka ishirini na mbili, mwalimu msaidizi, nimetoka Tabora na sanduku moja la bati, nimepanga chumba Temeke katika nyumba ya Mzee Kondo. Huyu Mzee Kondo alikuwa fundi wa vitanda vya kamba, kutwa yuko barazani kwake anavuta kamba na kupiga soga, na mtaani pale watu wakigombana walikuwa hawaendi kokote ila kwake, akisema neno limekwisha. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi, na nyie mnajua Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anakutukana mbele ya watu na huna ruhusa ya kukasirika. Anachukua kuku wako bila kuomba na wewe unamshukuru. Ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye makosa.

Basi asubuhi nikitoka kwenda shule namwamkia shikamoo (adabu ni adabu, alikuwa umri wa baba yangu), anaitika marahaba vizuri kabisa, halafu hapo hapo anaanza, "Mtumwa wangu, leo unakwenda kumbebea nani mzigo?" Na mie namjibu, "Nakwenda kuwatafutia wajukuu zako akili, maana babu yao zote kazimalizia ngomani." Mkewe anacheka jikoni, majirani wanacheka, na mie napanda baiskeli yangu moyo mweupe. Nilikuwa sina baba mjini, sina mjomba, lakini kila siku nilikuwa na mtu wa kunitukana, na msione ni jambo dogo, mgeni asiye na wa kumtukana ni mpweke kwelikweli.

Sasa ikatokea bahati. Chuo kimoja cha Bara Hindi kikanikubali kwenda kusomea ualimu wa hesabu, nafasi yenyewe moja tu kwa shule zetu zote, na barua ikasema wazi kwamba chuo kikifunguliwa sijafika basi nafasi apewe mwingine. Meli ya kwenda Bombei ambayo ingenifikisha kwa wakati ilikuwa inapita Dar es Salaam baada ya majuma manane. Majuma manane ya kupata pasi ya kusafiria na viza ya mwanafunzi juu yake! Baba kule Tabora nilimwandikia siku hiyo hiyo, naye (Mungu amrehemu) akawatangazia watu kanisani kana kwamba nimekwisha fika na nimekwisha rudi.

Nikaenda ofisi ya pasi mjini. Dirishani alikuwa karani mmoja Mgoa, Bwana Pinto, mtu mzima wa miwani, hana haraka hata moto ukiwaka. Akanipa fomu. Nikajaza vizuri, hati yangu ilikuwa nzuri enzi hizo, mpaka nikafika mahali palipoandikwa nitaje watu wawili wenye heshima, wasio ndugu zangu, wanaonijua vizuri, wa kushuhudia tabia yangu. Wa kwanza nikamwandika Padri wa parokia yetu, ambako nilikuwa naongoza kwaya. Wa pili ningemwandika mwalimu mkuu lakini alikuwa likizo kwao Songea. Nikakaa pale nauma kalamu, nikawaza, katika mji huu mzima ni nani mwingine ninayemheshimu? Mkono ukaandika wenyewe: Mzee Kondo, fundi vitanda, Temeke.

Hapo ningerudi nyumbani nikamwambia mzee, nimekuandika shahidi wangu, atakuja mtu kukuuliza, mambo yangekwisha. Sikumwambia. Na sababu yenyewe ni ya kijinga, hata kuisema naona haya: nilishindwa kumwambia mtani kwamba namheshimu. Nianzie wapi? Mtu ambaye asubuhi nimemwambia ameota pembe kwa uzee, jioni nimwambie nimekuandika serikalini kuwa mtu wa heshima? Angenicheka mpaka Mbagala wangesikia. Nikasema moyoni, wakija watamuuliza na yeye atajibu, mzee mzima atakosaje kujua la kusema.

Na kama hilo halitoshi, juma lile lile nikafanya la pili. Nilikuwa na rafiki, Hamza, mwalimu wa mazoezi ya viungo, anakaa Kinondoni, Mzee Kondo hajawahi kumwona. Siku hizo mabwana afya walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia maji yaliyotuama, wakikuta viluwiluwi vya mbu kwenye mtungi wako unalo. Nikamvalisha Hamza kaptura ya kaki na soksi ndefu, nikampa daftari, nikamwambia nenda kamtie adabu mtumwa wangu. Jamani, Hamza alikuwa shetani! Alimfokea mzee, akamwamuru atoe mitungi yote nje aipange barabarani kwa ukubwa, kisha mabeseni, kisha ndoo, kisha akamwambia avizungukie vyote akiwafukuza mbu kwa kanga ya mkewe, na mzee anazunguka kweli, jasho linamtoka, anapunga kanga, "Shuu! Shuu!" mpaka mie nikashindwa, nikatoka nilikojificha nikianguka kwa kicheko. Mtaa mzima ulikuwa nje. Mzee alisimama na ile kanga mkononi, akanitazama, akamtazama Hamza, akacheka yeye kuliko wote.

"Haya, mtumwa," akasema. "Zamu yako imekwisha, sasa ni zamu yangu. Na wewe mwambie huyo mtu wako mwenye daftari, akirudi tena hapa atanijua mie nani."

Nyie mmekwisha ona jambo linakokwenda. Mie sikuona.

Siku kumi baadaye alikuja kwa mzee mtu mwingine mwenye daftari, na huyu hakuwa wa mchezo. Alikuwa askari kanzu, ametumwa kuchunguza habari za mwombaji wa pasi, na kwa bahati yangu mbaya alikuwa mtu wa Nyasaland, ndiyo kwanza ahamie kwetu, Mnyamwezi ni nini kwa Mzaramo hajui hata chembe. Mie niko shule, nafundisha watoto kugawanya. Jioni narudi, mzee ananiambia kwa upole, huku anavuta kamba zake, "Mtu wako wa daftari kaja tena. Safari hii nimempa haki yake." Yeye alidhani nimemtuma mwingine, mie nikadhani Hamza kapita kusalimia, nikacheka, nikaingia ndani kula.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa dirisha. Kila Jumamosi naamka, napiga pasi shati, natoka Temeke kwa baiskeli, nashika Barabara ya Kilwa mpaka mjini, napanga foleni kwenye varanda pamoja na wenzangu wenye shida zao, nafika dirishani, Bwana Pinto anafungua buku lake kubwa, anapitisha kidole, anasema, "Faili liko kwa uchunguzi." Jumamosi nyingine, "Uchunguzi haujarudi." Nyingine, "Umerudi, uko juu kwa bwana." Nyingine, "Bwana ameurudisha chini." Majuma yanapukutika. Nilianza kulijua faili langu kama mtu anavyomjua mgonjwa wake hospitali, leo kaamkaje, kahamishiwa wodi gani.

Jumamosi ya sita, Bwana Pinto aliponiona tu akavua miwani. Akaniambia, "Wewe ndiye Severini?" Nikasema ndiye. Akatoa karatasi kwenye faili, na kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa halisikii vizuri, yeye kila alichosema alikisema kwa sauti ya mnadani, na varanda imejaa watu.

"Hapa shahidi wako wa pili anasema wewe ni mtumwa wake. Alikununua kwa debe moja la chumvi. Ni kweli?"

Watu wote wakageuka.

"Anasema umeiba kuku wake mara sita. Anasema una wake watatu Tabora, umewakimbia. Anasema mwezi ukiandama unapanda juu ya mnazi na kulia kama fisi mpaka uteremshwe kwa wali." Akanitazama juu mpaka chini. "Hili la mnazi ni kweli?"

Na mie, badala ya kulia, nikacheka! Naapa sikutaka, lakini nilimsikia Mzee Kondo katika kila neno, nilimwona kabisa pale barazani amekaza uso anamsomea mwenzake vile vioja na yule bwana anaandika, "fisi", "wali", kicheko kikanitoka puani. Varanda nzima ikalipuka. Mama mmoja ambaye mwanawe namfundisha alikuwa kwenye foleni, anajifuta machozi kwa ushungi. Bwana Pinto hakucheka. Aliniuliza, "Unacheka?" kisha akachukua kalamu akaandika kwenye faili, na nilikiona alichoandika, kwamba mwombaji aliposomewa alicheka.

Kicheko kikafa. Nikauliza kwa sauti ndogo, sasa bwana, itakuwaje? Akasema mwisho wa karatasi mpelelezi ameshauri pasi isitolewe, mkubwa atatia sahihi Jumatatu, na nikiwa na la kusema nije asubuhi hiyo na huyo shahidi mwenyewe, aseme kwa kinywa chake. Meli ilikuwa imebakiza siku nane.

Nilikanyaga baiskeli siku ile mpaka mnyororo ukakatika Chang'ombe, nikaikokota iliyobaki. Nafika, mzee yuko barazani, namwambia habari nzima nahema, naye anaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Umeshindwa, mtumwa!" anasema. "Sasa umekuja na la tatu? La tatu silili!" Nikamwambia mzee ni kweli, yule alikuwa askari wa kweli. Akazidi. Akamwita mkewe aje asikie. Niliapa kwa Mungu, akasema Mnyamwezi kuapa ni kama mwenzie kupiga chafya. Nilimwonyesha barua ya chuo, hajui kusoma. Mwisho nikakaa chini kwenye vumbi mbele yake nikalia, mwalimu mzima, kamasi zinanitoka.

Mtani halii mbele ya mtani. Hapo ndipo alipoacha kamba. Akasema, "Kumbe kweli," kisha akaingia ndani na nikamsikia anamwuliza mkewe kanzu yake nyeupe iko wapi.

Jumapili ndiyo ikanimaliza. Padri naye alikuwa amepokea barua kutoka ofisi ile ile kumwuliza habari za wake zangu watatu, na Padri alikuwa mtu wa sheria. Nimesimama mbele ya kwaya, nimeinua mikono tuanze, akanijia mwenyewe akaniambia si kwa kunong'ona, "Severini, kaa nyuma mpaka jambo lako lijulikane." Nikatembea toka mbele mpaka benchi la mwisho, kanisa lote linaniangalia, na watoto wa darasa langu wako upande wa kushoto wanahesabu kwa vidole, mmoja, wawili, watatu. Mie niliyewafundisha kuhesabu.

Jumatatu alfajiri mzee alikuwa tayari. Kanzu nyeupe, koti jeusi, na kofia yake iliyotariziwa kwa mkono, anayoivaa Idi na kwenye ndoa tu. Baiskeli nilikuwa nimeshaunga mnyororo, nikamwambia apande nyuma, akasema yeye hajawahi kubebwa kama gunia, lakini alipoangalia jua akaona tutachelewa, akapanda, akanishika kiunoni, na njia nzima alikuwa anajaribu kunichangamsha, "Leo ndiyo kazi yako uliyozaliwa nayo, Mnyamwezi kubeba mzigo!" Mie sikuitika hata mara moja. Nilikuwa nawaza meli.

Tukaingizwa ofisini kwa mkubwa. Alikuwa Mzungu kijana, labda ananizidi miaka mitatu minne, amefika nchini juzijuzi, uso umeungua jua, Kiswahili anajua "jambo" na "haraka". Bwana Pinto siku hiyo kaitwa ofisi nyingine na faili zake, mkalimani hakuna. Mzungu akaniuliza kama Kiingereza changu kinatosha, nikasema kinatosha sana, bwana (na nilijivuna kidogo, acha niseme kweli), akasema basi tafsiri wewe.

Kwanza akamwonyesha mzee fomu yangu. Akasema, mwulize kama anajua kwamba huyu kijana amemwandika hapa kuwa mtu mwenye heshima anayemjua. Nikatafsiri, macho yangu chini. Mzee akaitazama ile karatasi ambayo hawezi kuisoma, akaweka kidole juu yake.

"Jina langu liko hapa?" akaniuliza. "Uliniandika mie?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbele ya serikali?"

"Ndiyo."

Aliliweka sawa koti lake, akakohoa, kisha akamgeukia Mzungu akazungumza kama anavyozungumza anapoamua ugomvi wa watu. Akasema yote aliyoyasema ni uongo, ameyatunga yeye, kosa ni lake peke yake. Akasema kijana huyu amekaa kwake miaka miwili, hanywi, hagombani, anawafundisha wajukuu zake jioni bila kuombwa, na hata angekuwa mwanawe asingekuwa na la kumwongezea. Akasema kama kuna adhabu apewe yeye, mtoto aende akasome. Nilitafsiri yote yale vizuri, na kama angekomea hapo ningewasimulia leo habari ya furaha.

Lakini Mzungu alikuwa amekasirika. Nilijaribu kumweleza utani, nikamwambia bwana, ni desturi ya makabila yetu, na nilivyokuwa naeleza naona maneno yanakauka, maana utamwelezaje mtu kwamba kuitwa mtumwa ni mapenzi? Akapiga meza. Akaanza kusema haraka, na mie ilinibidi niseme nyuma yake. Mwambie ni mzee mpumbavu. Mwambie ni mwongo asiye na aibu, amempotezea muda ofisa wa serikali. Mwambie angeweza kumfunga. Mwambie watu kama yeye ndio wanaoifanya nchi hii isiende mbele.

Sasa nisikilizeni. Mzungu yule alikuwa hajui Kiswahili. Mzee alikuwa hajui Kiingereza. Mie peke yangu katika chumba kile ndiye niliyekuwa najua nini kimesemwa, ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema, "Mzee, bwana amekasirika kidogo, anasema siku nyingine tusifanye mzaha na watu wa serikali," ningeinama kidogo, ningekaza uso, na mambo yangekwisha, nani angejua? Nimelitunga hilo neno mara elfu tangu siku ile, nikiwa naoga, nikiwa njiani, nalitunga. Siku yenyewe sikulitunga. Niliogopa Mzungu ataona nimefupisha, ataona niko upande wa mzee, kalamu ataiweka chini. Nikatafsiri neno kwa neno. Nilimwambia Mzee Kondo, wewe ni mzee mpumbavu, wewe ni mwongo usiye na aibu, na ili Mzungu aridhike nikaitia na sauti yake, nikamnyooshea mzee kidole kama yeye alivyonyoosha.

Na mzee alipoanza kunisikia alitabasamu. Alidhani nimeyatia ya kwangu! Alidhani pale pale mbele ya Mzungu, mtani wake amepata ujasiri wa kumtania, na nikaona anatafuta jibu. Kisha akanitazama vizuri usoni.

"Hayo ni ya bwana," akauliza taratibu, "au ni yako?"

Mzungu akauliza, anasema nini? Nikababaika. Na mdomo wangu huu, si wa Mzungu, ukasema, "Nyamaza! Vua kofia!"

Mzungu hakusema avue kofia. Nawaambia leo, hakusema. Hilo lilikuwa langu.

Mzee Kondo akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili tumboni, kichwa chake kipara na mvi pembeni, mbele ya vijana wawili tuliokuwa rika la wanawe. Mzungu alipomwona vile akatulia, nadhani aliona haya hata yeye, akaandika kwenye faili, akatia sahihi, akasema pasi itoke Alhamisi na viza itagongwa Ijumaa. Nikamshukuru mara tatu.

Nje nikachukua baiskeli, nikapangusa kiti cha nyuma, nikasema twende mzee. Akasema, "Wewe tangulia, nitatembea." Nikamwambia ni mbali, jua kali. Akasema, "Nitatembea tu, bwana." Nikalisikia lile neno, nikajifanya sikulisikia. Alifika nyumbani saa tisa, kanzu imekuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini.

Jioni yake nilimpigia magoti, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Akaniinua mwenyewe, akasema, "Yamekwisha, bwana. Ulikuwa na shida." Hakununa, msidhani alinuna. Alinijulia hali kila asubuhi, marahaba akaitika, chakula akanikaribisha, akauliza sanduku limefungwa sawasawa. Padri akanirudishia kwaya. Alhamisi pasi ikatoka, Ijumaa viza ikagongwa, Bwana Pinto akanipa mkono dirishani akaniambia nijihadhari na minazi ya huko. Kila kitu nilichokitaka nilikipata, na nyumbani hakuna mtu aliyenitukana.

Siku ya meli mtaa mzima ulitoka kuniaga. Nikasema leo nitamrudisha, leo lazima. Mbele ya wote nikaruka nikamkamata jogoo wake mkubwa mwekundu, nikamtia kwapani, nikapaza sauti, "Mtumwa wangu, hiki ndicho kitoweo changu cha safarini, na ukibisha nakuuza Bombei kwa bei ya bilauri!" Watu wakaanza kucheka, wakamgeukia yeye wasikie atajibu nini. Hapo palikuwa na majibu mia, mtoto mdogo wa Kizaramo angeyatoa.

Mzee Kondo akainuka barazani. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mtetea, akamfunga miguu kwa kipande cha kamba yake ya kitanda, akaniletea kwa mikono miwili.

"Chukua na huyu, bwana," akasema. "Safari ni ya mbali, mmoja hatatosha."

Hakuna aliyecheka. Nilikwenda bandarini na kuku wawili, wakanizuia nao pale getini, nikamwachia Hamza, naye alikuwa ananiuliza mbona unalia, unakwenda kusoma bwana, mbona unalia?

Nilisoma, nikafaulu, nikarudi baada ya miaka mitatu, nikafundisha hesabu mpaka nikastaafu. Tangu siku ile nimekuwa mkalimani mahali pengi, mahakamani, hospitalini, kwenye mikutano, na niliapa kwamba tusi la kijana kwa mzee halitapita tena kinywani mwangu, litakuja kama tusi na mie nitalitoa kama salamu, na anayejua lugha zote mbili na anishitaki. Na nyie mnaofuatilia viza zenu, kama kuna mtu mnamheshimu mwambieni kwa mdomo, msiende kuliandika tu kwenye fomu. Mzee Kondo aliishi miaka kumi na mmoja tangu nirudi, nilimtembelea kila mwezi, nikamchokoza kwa kila utani ninaoujua na mwingine niliutunga njiani, naye alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti, na hakuniita mtumwa hata siku moja.